Kabla ya Lokesheni

Nilipoanza kazi ya bwana mifugo wilayani Tarime, mwishoni mwa miaka ya 1990, Rorya ikiwa bado haijakatwa kuwa wilaya, hakuna mfugaji niliyemfikia bila kuuliza njia. Na kuuliza kulikuwa na utaratibu wake. Unazima pikipiki, unashuka, unasalimia. Ukikurupuka na swali utaambiwa “nenda mbele huko”, na mbele huko inaweza kuwa Nyamongo, inaweza kuwa Kenya. Ukitulia, mzee ataanza yeye: “Mura, wewe ni wa wapi?” Kijiji alikuwa hakihitaji. Alitaka ukoo: uko kwa Wanchari, Watimbaru, Wanyabasi? Enzi zile za wizi wa ng'ombe na koo kupigana, jibu lako ndilo lililoamua kama utapewa njia ya mkato au utazungushwa mlimani. Nikitaja chanjo, nyuso zilifunguka. Mara nyingine mtoto alipakizwa nyuma ya pikipiki anipeleke hadi zizini, kisha mimi ndiye wa kumrudisha.

Simu ilitubadilisha kidogo kidogo. M-Pesa ilipoingia nchini mwaka 2008, bahasha ya fedha tuliyokuwa tukimkabidhi kondakta wa basi ikapotea. Ikaja WhatsApp, picha ya ndama mwenye vipele ikawa inanifikia kabla sijanywa chai, na mwenye ndama akitaka jina la dawa palepale, kana kwamba homa nayo hupimwa kwa picha.

Ramani ndiyo iliyochelewa. Kwenye simu za kwanza, Mto Mara ulikuwepo, Hifadhi ya Serengeti ilikuwepo, sisi hatukuwepo. Mwaka 2015 ulianza mradi wa Crowd2Map: watu wa kujitolea walioko nchi za mbali wakachora nyumba na barabara zetu kwa kufuatisha picha za setilaiti, wakaziweka kwenye OpenStreetMap, na wenyeji wenye simu janja wakajazia majina ya vijiji, shule na zahanati. Kilichowasukuma ni ukeketaji. Sheria ya mwaka 1998 inaukataza kwa walio chini ya miaka 18, lakini Desemba ya mwaka unaogawanyika kwa mbili kila mtu huku anajua ni msimu wa nini.

Binti anayepiga simu usiku kuomba aokolewe hawezi kwenda kusimama barabarani kuelekeza gari. Na gari hilo likisimama kuulizia njia, kijiji kizima kimeshajua linakokwenda. Litafika, yeye keshahamishwa. Sasa waokoaji wa Hope for Girls and Women, shirika la Rhobi Samwelly lenye nyumba salama Butiama na Mugumu, hutumia ramani ya Maps.me, ambayo haihitaji intaneti ukishaipakua, na kwenda moja kwa moja. Lile swali la mzee mimi nalikumbuka kwa mapenzi. Kwa binti huyo, kupona ni kutoulizwa.

Kwa hiyo siwezi kuilaani ramani, ingawa vijana walionirithi ofisini wananipa sababu. Wapo wanaokwenda kwa mfugaji yuleyule kila mwezi na bado hawaondoki bila kufungua simu. Chaji ikiisha, safari imeisha. Mwaka 2022 ilipokuja operesheni ya anwani za makazi, nguzo zikasimikwa, nyumba zikabandikwa namba, na Agosti makarani wa sensa wakapita na vishikwambi. Zamani boma lilijulikana kwa jina la mwenyewe; siku hizi nasikia watu wazima wakitajiana namba.

Nilidhani angalau wazee wenzangu wamebaki. Juzi nilimpigia rafiki yangu wa Nyamwaga, anayezijua njia za huku tangu akichunga ndama, anielekeze kwa mwanawe aliyehamia Mugumu. Nikachukua kalamu, nikaweka karatasi gotini.

“Nakutumia lokesheni,” akasema, akakata simu.