Mibuyu ya Waya

Kimya changu kimeletwa na miti.

Baba alistaafu kazi ya reli, na sasa macho yake hayaoni vizuri. Nikaamua kumtengenezea Mackinnon Road ndogo, kwa kipimo cha 1:87: reli ya zamani, msikiti wenye kaburi la Seyyid Baghali kando yake, na mibuyu. Mbuyu wa mita 15 unakuwa wa sentimita 17.

Nilichuna kebo mbovu ya mtandao. Ndani mna nyaya 8 za shaba. Ukizisokota pamoja umepata shina. Juu unazigawa nne nne, kisha mbili mbili, kisha moja moja. Waandika programu wenzangu hapo mnacheka. Gome ni gundi na vumbi la mbao.

Baba akaupapasa wa kwanza, akatikisa kichwa. "Mwanangu, huu hakuna ndovu aliyewahi kuupitia."

Kweli. Kule ndovu huchubua mibuyu wakati wa ukame, na mimi nilikuwa nimegawa matawi sawasawa mno. Nikavunja mawili, nikachimba jeraha shinani. Akapapasa tena, safari hii akakaa nao mkononi muda mrefu.

Sasa naingia kwenye migunga. Mwenye kebo mbovu asitupe!