Shaba Moja, Majibu Mawili

Najua nimepotea, msininunie. Maabara imenitoa jasho wiki hii, na sasa nimekaa kimbweta peke yangu nawaandikia.

Basi bwana, tulipewa kipande cha shaba laini tukapime ugumu kwa njia ya Vickers. Kwa mlio fani nyingine: unachukua almasi iliyochongwa piramidi ya pande nne, pembe kati ya nyuso zinazotazamana nyuzi 136, unaikandamiza kwenye metali kwa mzigo unaoujua, halafu unapima ulalo wa kile kishimo kwa hadubini. Mzigo ukiugawa kwa eneo la nyuso za kishimo, umepata namba yako. Darasani tuliambiwa raha ya piramidi ni hii: izame kidogo, izame sana, umbo la kishimo ni lile lile, kwa hiyo namba haibadiliki. Kigololi cha Brinell hakiko hivyo, kadiri kinavyozama umbo linabadilika.

Sasa sisi kwa mzigo wa kilo 1 tukapata 52. Kwa gramu 10 tukapata 71! Shaba ile ile, almasi ile ile.

Mwenzangu wa maabara akacheka, akafuta 71 akaandika 54. "Dokta anataka mstari ulionyooka, mpe." Jamani, mimi mwaka wa pili nilishapiga sapu, na ripoti hii ina maksi nyingi za coursework. Nisiwadanganye, nilinyamaza. Nililala nimenyamaza hivyo hivyo.

Asubuhi nikamfuata fundi wa maabara, yule mzee tunayemwogopa wote. Shikamoo, marahaba, akaangalia daftari. Akauliza, "Kishimo cha gramu 10 kilikuwa na ulalo gani?" Nikasema mikromita 16. "Na cha kilo?" 189. Akaniambia nipige hesabu: ukikosea nusu mikromita kwenye 16, namba inahama kwa asilimia 6 hivi. Kwenye 189 wala husikii. Lakini hiyo inakupa pointi 4 tu, zilizobaki zimetoka wapi?

Akanusa sampuli (kweli kabisa, aliinusa) akasema, "Binti, mmesugua na msasa kwa hasira." Kumbe msasa unaikaza ngozi ya juu ya shaba, na kishimo cha gramu 10 kina kina cha mikromita 2 na ushee tu, yaani tulikuwa tunapima ngozi. Tukang'arisha upya taratibu, kutwa nzima. Ikashuka hadi 63. Tukarudia mara kumi, 63 haikubali kushuka.

Hapo ndipo mzee akanipa jina la kutafuta: Nix na Gao, 1998. Maelezo yao ni kwamba almasi ikizama, metali inapinda kuifuata, na ili ipinde lazima zizaliwe dislokesheni, zile kasoro za mistari kwenye mpangilio wa atomu. Kishimo kikiwa kidogo, mpindo ni mkali, dislokesheni zinabanana kama abiria wa daladala saa moja asubuhi, hakuna anayesogea. Metali inakuwa ngumu kweli. Ukizama zaidi, athari inafifia.

Nikamuuliza, je almasi ikiwa butu? Akasema hiyo nayo ipo, na wanaopima kwa nanomita inawatesa zaidi. Wao hawaoni kishimo vizuri, wanakisia eneo kutokana na kina. Ncha ikiwa imeviringika, eneo halisi ni kubwa kuliko la kwenye hesabu, na ugumu unatoka juu kwa uongo. Kwa hiyo kwanza wanapima ncha yenyewe kwenye kioo cha silika ambacho tabia yake inajulikana. Na wanapenda piramidi ya Berkovich, ya pande tatu, kwa sababu nyuso tatu lazima zikutane kwenye nukta moja, wakati nne zinaweza kuishia kwenye ukingo kama wa patasi. Nikakumbuka mafiga ya bibi: matatu hayayumbi, ukiongeza la nne ndo chungu kinacheza.

Ripoti imeingia jana saa tisa alasiri, 71 na 63 zote ndani, na sababu zake. Mwenzangu kasaini, ila kahama kimbweta. Maksi wiki ijayo. Ngoja niwahi msosi kabla hawajafunga.