Kutoka Wodini hadi Buigiri: Tawasifu ya Kazi ya Mwanasaikolojia

Saikolojia ya tiba nchini Tanzania ni taaluma changa iliyozaliwa ndani ya hospitali kongwe. Lutindi, kwenye milima ya Usambara, ilianzishwa na wamisionari wa Kijerumani mwaka 1896 kuwatunza watoto waliookolewa utumwani, na mwanzoni mwa karne ya 20 ikageuzwa makazi ya wagonjwa wa akili. Mirembe, mjini Dodoma, ilianzishwa mwaka 1927, na kwa miongo mingi ndiyo iliyopokea wagonjwa kutoka karibu kila pembe ya nchi. Isanga, iliyo chini yake, huwahifadhi wale wanaoletwa kwa amri ya mahakama. Mwanasaikolojia ambaye maisha yake ya kazi yanaelezwa hapa, naye ndiye mwandishi, alianza kazi katika tiba ya aina hiyo, ya wodi na mafaili. Leo anafanya kazi Buigiri, wilayani Chamwino, kando ya barabara kuu iendayo Morogoro, pamoja na kikundi cha waombaji.

Mafunzo yake yalikuwa ya kawaida. Vitabu vilitoka Ulaya na Marekani: Freud, kisha Carl Rogers na usikilizaji usiohukumu, kisha Aaron Beck na tiba ya kurekebisha fikra iliyochipuka miaka ya 1960. Mwanafunzi alijifunza kupima sonona kwa dodoso, na kutofautisha skizofrenia na kuchanganyikiwa kunakoletwa na malaria iliyopanda kichwani au pombe iliyoachwa ghafla. Ujuzi huo haukupitwa na chochote kilichofuata. Wodini alishuhudia kwa macho yake dawa zikifanya kazi: mtu aliyeletwa amefungwa kamba, akizungumza na watu wasioonekana, baada ya wiki kadhaa za haloperidol anakaa kitako, anakula ugali wake na kuwataja watoto wake kwa majina. Anayewaambia watu kwamba dawa za hospitali haziponyi hajawahi kusimama kwenye wodi hiyo.

Ugumu ulijitokeza siku ya kuruhusiwa. Ndugu waliokuja kumchukua mgonjwa walipokea vidonge kwa heshima, wakashukuru, halafu mmoja wao, kwa kawaida mjomba au shangazi, akasema kwa sauti ya chini kwamba dawa wameziona, ila kuna mkono wa mtu. Swali lililobaki nyumbani halikuwa ugonjwa huu unaitwaje. Lilikuwa kwa nini yeye, kwa nini mwaka ule aliogombana na kaka yake, na nani aliufurahia msiba huo. Hospitali haikuwa na mahali pa kuliandika. Katika mafaili mengi historia yote ya kabla ya kulazwa ilifupishwa kwa sentensi moja: alipelekwa kwa waganga, akaombewa, hakupata nafuu. Nyuma ya sentensi hiyo kulikuwa na miezi au miaka, mbuzi waliouzwa, safari za usiku na watu wengi waliokaa na mgonjwa kabla mtaalamu yeyote hajamwona. Mwanasaikolojia alianza kuuliza juu ya sentensi hiyo, naye alikuta wagonjwa waliokuwa wakijibu kwa neno moja moja wakizungumza kwa kirefu.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 na Mary Ngoma, Martin Prince na Anthony Mann ulimthibitishia alichokuwa akikisikia. Watafiti hao waliwapima watu waliohudhuria vituo vya afya ya msingi jijini Dar es Salaam na wale waliohudhuria kwa waganga wa jadi. Matatizo ya kawaida ya akili, kama sonona na wasiwasi, yalionekana kwa asilimia 24 ya wa kwanza na asilimia 48 ya wa pili. Kwa mtu aliyesomea tiba ya matatizo hayo, takwimu hizo hazina maana nyingine: wagonjwa wake wako kwa mtu mwingine, na yeye amekaa akiwasubiri mahali wasipokuja.

Hakuwa wa kwanza kuliona hilo. Mwaka 1954, huko Aro karibu na Abeokuta, daktari Mnaijeria Thomas Adeoye Lambo aliwapangia wagonjwa wake malazi kwa wanakijiji, pamoja na ndugu zao, wakitibiwa hospitalini mchana na kuishi kijijini muda uliobaki. Waganga wa jadi aliwaingiza katika mpango huo waziwazi. Jerome Frank, nchini Marekani, alionyesha katika kitabu cha mwaka 1961 kwamba mtaalamu wa saikolojia na mponyaji wa kidini wanategemea mambo yaleyale: mtu anayeaminiwa, mahali palipotengwa, maelezo yanayoleta maana na tendo ambalo mgonjwa mwenyewe hushiriki. John Janzen naye, akiandika mwaka 1978 juu ya Kongo ya chini, aliona kwamba anayeamua tiba ni kikao cha ndugu, wala si mgonjwa wala daktari. Aliyekulia Ugogo, nchi ya Wagogo ilipo Buigiri, hahitaji kitabu kuliamini hili la mwisho, ila ni faraja kulikuta limeandikwa.

Buigiri ina historia yake katika mambo haya. Ni kijiji cha Waanglikana tangu zamani, ndani ya Dayosisi ya Central Tanganyika iliyoanzishwa mwaka 1927 chini ya Askofu George Chambers kutoka Australia. Shule yake ya wasioona, iliyofunguliwa mwaka 1950, ndiyo ya kwanza nchini. Uamsho wa Kikristo uliotoka Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930 ulifika pia nyanda hizi za kati, ukaacha desturi ya kutubu hadharani na kupatana kabla ya kuomba. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, Edmund John, mlei na ndugu wa Askofu Mkuu John Sepeku, alihudumu kwa maombi ya uponyaji hadi alipofariki mwaka 1975, na Joseph Namata akaandika kitabu juu yake. Kwa hiyo kumwekea mgonjwa mikono si jambo geni kanisani huku.

Chini ya tabaka hilo liko lingine la zamani zaidi. Mathias Mnyampala, mzaliwa wa Ihumwa iliyo jirani, aliandika juu ya mila za Wagogo. Mwanaanthropolojia Peter Rigby, aliyefanya utafiti wake Ugogo mwanzoni mwa miaka ya 1960, alieleza tambiko ambamo wanawake huvaa kama wanaume, huchunga ng'ombe, na kuifukuza hali mbaya iliyoikumba nchi nzima, iwe ukame, iwe ugonjwa wa mifugo. Fikra iliyomo ni kwamba taabu ya mmoja ni hali ya kaya yote na huondolewa na wengi kwa pamoja. Waombaji wa Buigiri wasingekubali kulinganishwa na tambiko hilo, na wana sababu zao za kiimani zinazostahili heshima. Hata hivyo wanakaa kwa namna ileile, wakiizunguka taabu ya mtu mmoja.

Maombi ya kikundi hufanyika alasiri, nyumbani kwa mgonjwa. Katika moja ya nyakati hizo, mama wa makamo aliyekuwa hali wala hasemi aliketishwa kwenye mkeka, ameegemea ukuta wa tembe, miguu ameinyoosha. Kiongozi wa kikundi, mwanamke mzee wa kanisa, hakuanza kuomba. Aliwauliza waliokuwepo, mmoja mmoja, kama kuna neno moyoni juu ya huyu mama. Kimya kilikuwa kirefu. Hatimaye shemeji yake akasema kuhusu ng'ombe wa mahari ya binti waliouzwa bila mama huyo kuambiwa. Maneno yalirushwa, mwingine akatoka nje akarudi, na mwishowe shemeji akapiga magoti. Ndipo walipomwekea mikono na kuomba kwa sauti, kila mtu kwa maneno yake, kwa Kigogo na Kiswahili. Mama alilia, akaomba maji. Dalili za sonona ziliisha taratibu katika miezi iliyofuata, akitumia dawa pia, na kina mama wa kikundi wakipita kila siku chache kuona kama amekula.

Mwanasaikolojia ni muumini, naye anasadiki kwamba maombi yale yalimfikia Mungu. Taaluma yake haina kipimo cha hilo na haidai kuwa nacho. Inachoweza kukieleza ni sehemu nyingine ya tukio: siri ilitajwa mbele ya wanaohusika, aliyeonewa alisikilizwa, na ufuatiliaji uliendelea kwa muda ambao hospitali isingeumudu. Huko Harare, mradi wa Dixon Chibanda umewafundisha kina bibi kuwasikiliza wenye mawazo mengi wakiwa wamekaa nao kwenye benchi, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016 yalionyesha nafuu kubwa. Kina mama wa Buigiri walikuwa wamekwisha kukaa hivyo bila kuambiwa na mtu. Kwa maoni ya mwandishi, kuwapuuza ni kutupa hazina iliyo mlangoni.

Kuhamia upande huu kulihitaji mipaka, na hapo ndipo taaluma ya awali inapodai nafasi yake yote. Mpaka wa kwanza ni kifafa. Louise Jilek-Aall, daktari kutoka Norway aliyeanzisha kliniki ya kifafa Mahenge kabla ya kubobea katika magonjwa ya akili, aliandika jinsi hofu ya kuambukizwa ilivyowafanya watu wasimguse mgonjwa hata alipoangukia motoni. Makovu ya namna hiyo yapo Ugogo pia. Anayeanguka hupelekwa kwanza kliniki, kwa kuwa kidonge cha fenobabitoni hutumika kila siku, na maombi hufuata. Mpaka wa pili ni kuacha dawa. Mwaka 2011, maelfu walipofurika Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila, hatari ilikuwa kubwa zaidi kwa wale waliodhani wamepona wakaacha tiba ya Ukimwi au kisukari. Kikundi cha Buigiri kimekubaliana kwamba hakuna mwombaji atakayemwambia mtu aache dawa, hata akisema ameoteshwa. Mpaka wa tatu ni pingu, kamba na kufungisha kwa nguvu. Mgonjwa hafungwi wala hanyimwi chakula.

Mpaka wa nne ndio mgumu kuliko yote, nao ni kumtaja mchawi. Sheria ya Uchawi, iliyotungwa mwaka 1928, inafanya kumtuhumu mtu uchawi kuwa kosa, na mauaji ya vikongwe, hasa Kanda ya Ziwa, yanaonyesha mwisho wa tuhuma hizo. Ndugu wanapotaka jina, kiongozi huwaelekeza kutaja jambo lililotokea badala ya mtu aliyesababisha: deni, ugomvi, kifo ambacho matanga yake hayakumalizika vizuri. Kazi hii huchukua muda, na mara nyingine ndugu huondoka kwenda kupiga ramli kwingine. Waganga wenyewe husajiliwa chini ya Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, na mwanasaikolojia huwatembelea wanaokubali kuzungumza naye. Baadhi sasa humletea wagonjwa wasiolala kwa siku nyingi, maana wamejifunza kuitambua dalili hiyo.

Ushauri nasaha wa kawaida anaendelea kuutoa, kwa faragha, kwa wanaouhitaji: vijana wa shule, waliobakwa, wanandoa, na wale ambao taabu yao haifai kusemwa mbele ya ndugu. Waombaji wapya hufundishwa kutambua mtu anayewaza kujiua, kumuuliza wazi bila kumtisha, na kutomwacha peke yake usiku huo. Anayepelekwa hospitali husindikizwa na mmoja wa kikundi, na tarehe yake ya kurudi kliniki huandikwa kwenye kadi yake na katika daftari linalokaa kwa kiongozi.