Kwa Mpwa Wangu: Usiliachie Gari Sanduku la Sanamu Zako

Ludewa, Njombe

Mpwa wangu mpendwa,

Habari kwamba utashuka kutoka Makambako na sanduku lako la sanamu za mchezo hadi hapa Ludewa, kisha Manda, ili vijana wa huku nao wajifunze kuucheza, zimenifurahisha. Wapo watakaokuambia kwamba mtu mzima hapaswi kushughulika na askari wa plastiki wasiozidi urefu wa kidole. Usiwasikilize. Mwandishi Mwingereza H. G. Wells alitoa kitabu kizima cha kanuni za vita vya sanamu, Little Wars, mwaka 1913, naye wakati huo alikuwa mtu mzima mwenye jina kubwa. Na sisi tunaowaheshimu wazee wanaoinamia bao hadi jua linatua, hatuna haki ya kumbeza kijana anayepanga jeshi lake mezani na kufikiri hatua tatu mbele. Zaidi ya hayo, sanamu hizo umezikata, umeziunga na kuzipaka rangi moja moja kwa brashi nyembamba. Hiyo ni kazi ya mikono, na kazi ya mikono hulindwa. Ndiyo maana nakuandikia juu ya jambo moja tu: usiiache kazi hiyo ndani ya gari lililoegeshwa juani, hata mahali ambapo wewe mwenyewe umevaa sweta.

Naanza na baridi, kwa sababu ndiyo inayotudanganya watu wa nyanda za juu. Mji wa Njombe uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Ziwa Nyasa pale Manda liko chini ya mita 500. Hewa hupungua joto kwa nyuzi sita hivi kila mtu anapopanda mita 1,000, kwa hiyo anayetoka ufukweni hadi Njombe huacha nyuma nyuzi kama tisa. Tumezoea basi kusema kwamba jua la huku juu halina makali. Lakini kilichopungua ni joto la hewa. Jua ni lile lile, na tena hewa iliyo juu yetu ni nyembamba zaidi, hivyo miale hutufikia ikiwa haikuchujwa sana. Tuko pia kusini ya ikweta kwa digrii tisa au kumi tu. Katikati ya Oktoba, na tena mwishoni mwa Februari, jua la adhuhuri hupita utosini. Februari mawingu ya mvua hutupunguzia; Oktoba mara nyingi mbingu iko wazi. Miale ikishapenya kioo cha gari hunaswa na dashibodi, siti na sanduku lenyewe. Vitu hivyo hupata moto na kuipasha hewa iliyofungiwa ndani, na upepo unaotusumbua sisi tulio nje hauwezi kuingia kuiondoa. Kwa hiyo swali la kujiuliza unapofunga mlango wa gari ni kama jua linalipiga. Kuhisi baridi mwilini hakukuambii lolote kuhusu hali ya ndani ya vioo.

Haya yamepimwa. Mwaka 2005 watafiti wa Marekani, Catherine McLaren na wenzake, walichapisha vipimo vya gari lililoachwa juani katika siku ambazo joto la nje lilikuwa kati ya nyuzi 22 na 36. Kwa saa moja joto la ndani lilipanda kwa wastani wa nyuzi 22, na sehemu kubwa ya ongezeko hilo, asilimia 80, ilitokea ndani ya nusu saa ya kwanza. Hata siku yenye nyuzi 22 tu nje, ndani palifika nyuzi 47. Izingatie namba hiyo, kwa sababu nyuzi 22 ni hali ya hewa ambayo mtu wa Makambako huiita nzuri na tulivu. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona nao walipima magari katika mji wa Tempe, penye joto kali la jangwa la zaidi ya nyuzi 38. Baada ya saa moja juani, hewa ya ndani ilifika wastani wa nyuzi 47, siti nyuzi 51, usukani nyuzi 53, na dashibodi nyuzi 69. Kumbe ndani ya gari moja mna hali za joto kadhaa, na mahali ambapo mikono yetu hupenda kutupia mzigo mdogo, yaani juu ya dashibodi, ndipo pabaya kuliko pote.

Sasa tuzilinganishe namba hizo na sanamu zako, maana kusema "plastiki" hakutoshi. Plastiki za aina hii zimeumbwa kwa moto na zinabaki chini ya mamlaka ya moto. Mitungi na vyungu vya Wakisi wa mwambao wetu wa Ziwa Nyasa navyo hupitia moto, lakini moto ule huubadilisha udongo moja kwa moja; chungu kikishaiva, jua haliwezi kukirudisha kuwa tope. Sanamu yako haikuiva kwa namna hiyo. Iliyeyushwa, ikasukumwa katika kalibu, ikapoa, na ukiipasha vya kutosha italegea tena. Kila aina ina mpaka wake. Polistirini ngumu, inayotumiwa na kampuni kubwa kama Games Workshop ya Uingereza, hulegea karibu na nyuzi 100. PVC ngumu hulegea karibu na 80, na ile laini iliyochanganywa na vilainishi hulegea mapema zaidi, nayo ndiyo iliyoenea katika sanamu za mchezo wa mezani zinazouzwa zikiwa tayari zimeundwa. PLA, plastiki ya kawaida ya printa za 3D, mpaka wake ni nyuzi 55 hadi 60. Resini za printa hutofautiana sana, na baadhi hustahimili joto kidogo kuliko PLA. Unaona basi kwamba sanamu mbili zinazofanana kwa sura na rangi zaweza kukaa sanduku moja, na moja ikatoka imenyooka huku ya pili upanga wake umeinama kama jani lililonyauka.

Utanijibu kwamba Makambako si Arizona. Ni kweli, na sitaki kukutisha kwa namba za jangwani. Tufanye hesabu ya haki. Pale Tempe dashibodi ilizidi joto la nje kwa nyuzi kama 30. Ukiweka nyuzi 30 hizo juu ya siku ya nyuzi 25 pale stendi ya Makambako, unapata 55, yaani mlangoni kabisa mwa PLA. Ukishuka barabara ya Itoni hadi Manda na kulikuta joto la nyuzi 32 ufukweni, unapata 62, na mlango umekwisha kuvukwa. Hayo ni makadirio, hayakupimwa kwenye gari lako, na mawingu au saa ya mchana yanaweza kuyabadilisha. Lakini makadirio yanatosha kwa uamuzi, kwa sababu upande mmoja wa mizani kuna usumbufu wa kubeba sanduku, na upande wa pili kuna kazi ya miezi. Safari yako pia inateremka kuelekea kwenye joto. Uzoefu utakaouokota Njombe, kwamba uliacha sanduku garini na halikudhurika, hautakufaa kitu ukifika ziwani.

Utasema pia kwamba utashusha vioo kidogo. Watafiti wa mwaka 2005 walijaribu hilo, wakakuta halikuleta nafuu ya maana. Utasema utaegesha kivulini. Hapo unasema jema, kwani Tempe gari la kivulini lilibaki na hewa ya nyuzi 38 na dashibodi ya 48, tofauti kubwa sana. Lakini kivuli cha mti hakimngojei mtu. Gari uliloliacha kivulini saa nne huweza kuwa juani saa saba, na wewe bado uko sokoni unapatana bei ya viazi. Utasema ni dakika chache tu. Kumbuka asilimia 80 ndani ya nusu saa: joto huwahi, na mazungumzo yetu ya njiani hayajawahi kuwa ya dakika chache.

Lipo jibu lingine ambalo lina akili zaidi. Unaweza kuniambia kwamba ndoo na viti vya plastiki hushinda juani miaka na miaka bila kupinda. Vitu hivyo mara nyingi ni vya polipropilini, ambayo huyeyuka karibu na nyuzi 160, na kuta zake ni nene. Upanga wa sanamu yako ni mwembamba kuliko njiti ya kiberiti, na hauhitaji kuyeyuka ndipo uharibike. Unahitaji kulegea kidogo tu huku umeegemea kitu. Hapa ndipo wengi wanapokosea: mzigo na joto hufanya kazi pamoja. Sanamu iliyosimama peke yake huweza kustahimili joto ambalo litaikunja ile iliyobanwa na kifuniko au iliyolaliwa na kitabu cha kanuni. Hata polistirini yako isipopinda, rangi na vanishi huweza kulainika na kunata kwenye sponji, na maungio ya supaglu huchoshwa na kupanuka na kusinyaa kwa sehemu zilizoungwa.

Na ukisema kwamba iliyopinda hunyooshwa, nitakubali nusu. PVC laini iliyopinda huweza kutumbukizwa katika maji ya moto, ikanyooshwa taratibu kwa vidole, kisha ikagandishwa katika maji baridi. Polistirini haina huruma hiyo, na kwa sanamu iliyokwisha kupakwa rangi maji ya moto ni hatari ya pili juu ya ile ya kwanza. Dawa ya kurekebisha isiwe sababu ya kuzembea.

Basi fanya hivi. Ukishuka garini, shuka na sanduku. Hiyo ndiyo kanuni, mengine yote ni ya dharura. Ukilazimika kuliacha, liweke sakafuni nyuma ya siti au kwenye buti, mahali ambapo miale haifiki moja kwa moja, kamwe si juu ya dashibodi wala chini ya kioo cha nyuma. Chagua sanduku la rangi nyeupe au ya kung'aa, kwa kuwa jeusi hunywa jua, na lifunike kwa kitambaa cheupe. Funika na kioo cha mbele kwa kinga inayorudisha miale. Ndani ya sanduku kila sanamu isimame kwenye nafasi yake, pasiwe na inayoegemea nyingine, na zile za PLA na resini zitenge ujue zilipo. Deli la kubebea samaki linafaa kuchelewesha joto, ila usitie barafu, maana unyevu nao huharibu rangi. Na kuchelewesha si kuzuia, saa zikizidi joto litaingia tu. Ukilikuta sanduku limepata moto, usiguse kilichomo. Lipeleke kivulini, liache lipoe lenyewe, ndipo ulifungue.

Neno la mwisho ni zito kuliko sanamu. Utafiti ule wa mwaka 2005 haukufanywa kwa ajili ya plastiki. Ulifanywa kwa sababu watoto walikuwa wanakufa ndani ya magari yaliyofungwa. Mwili wa mtoto hupata joto haraka kuliko wa mtu mzima. Kwa hiyo utakapopewa watoto wa dada zako uwasafirishe, asibaki hata mmoja garini, hata amelala, hata unaingia dukani kuchukua soda tu. Insulini ya bibi na chanjo za kuku pia zisingoje garini. Ukiizoea nidhamu hii kwa ajili ya sanamu zako, itakuwa tayari mikononi siku utakapobeba kitu ambacho hakiwezi kupakwa rangi upya.

Njoo salama, na uje na sanamu za kutosha, kwani vijana wa huku wanakungoja.

Ni mimi mjomba wako.