Aliyetafuna Hewa

Wahenga walinena kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Methali hii nimeiandika katika insha nyingi, lakini maana yake niliijua muhula uliopita, tulipojiandaa kwa mtihani wetu wa kwanza wa mchezo wa nyimbo.

Mtihani wenyewe ulikuwa wa ngazi ya mwanzo, tena wa kikundi. Tulikuwa wasichana wanane, na dakika kumi tu mbele ya mtahini mgeni: kuigiza, kuimba na kucheza, yote kwa pamoja. Tukatunga mchezo wa sokoni. Mimi nilikuwa kiongozi, tena ndimi Mama Mandazi. Wimbo wa kwanza niliuanzisha mwenyewe, juu kabisa, pale sauti yangu inapong'aa.

Wacha wee! Kuimba umesimama ni jambo moja, kuimba huku unacheza ni lingine. Wiki ya kwanza tulihema kama mbwa wa msasi. Mwalimu akatufundisha kuvuta pumzi ya tumboni, kisha tukauzunguka uwanja mbio za polepole huku tukiimba. Pumzi ikapatikana.

Likabaki tatizo moja. Mwenzetu wa kidato cha kwanza, kila wimbo ukipanda, sauti yake ilipasuka. Nikamvuta kando. "Sikiza, siku ya mtihani we fungua mdomo tu. Usitoe sauti, utatuangusha." Akaitikia kwa kichwa.

Mwalimu alikuwa ametusimulia habari za Kamirithu, Limuru, ambako mwaka wa 1977 wakulima na wafanyakazi waliigiza Ngaahika Ndeenda, mchezo wa Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii. Mazoezi yao yalifanywa hadharani, na wanakijiji waliokuja kutazama waliwasahihisha. Basi nasi tukafanya mazoezi nje ya jikoni, mbele ya wapishi na bawabu.

Mpishi mkuu alicheka mpaka akashika mbavu. "Mama Mandazi gani huyu? Ukigeuza hivyo mafuta yatakuchoma!" Akanionyesha. Kisha akauliza, "Na yule mtoto wa mwisho, mbona anatafuna hewa?"

Watu wakaangua kicheko. Msichana yule akanitazama, halafu akainamisha kichwa. Hakunitaja. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Jioni nilimwendea mwalimu nikamweleza ukweli. Hakunikaripia. Alituita sote, akaketi kwenye kinanda, akaushusha wimbo kidogo. Akaushusha tena. Kumbe! Mwenzetu ana sauti nzito, tamu kama asali. Mwalimu akaniuliza, "Nani aliupandisha wimbo huu hivyo?" Nikakosa jibu. Nilikuwa nimeuweka mahali panaponifaa mimi peke yangu.

Nilimwomba msamaha mbele ya wenzetu. Akasema, "Ni sawa, lakini sasa nitaimba kwa nguvu."

Siku ya mtihani moyo ulinidunda kama ngoma. Mtahini aliandika tu, hata hakutabasamu. Huko chini sauti yangu haikung'aa hata kidogo, na nakiri jambo hilo liliniuma. Lakini kwa mara ya kwanza nilisikia sauti nane, wala si yangu na kelele nyuma yake.

Tulifaulu. Wanachama wenzangu, mkijiandaa kwa mtihani wa kikundi, kabla hamjamnyamazisha mtu, shusheni wimbo kwanza.