Nafasi ambazo hazibandikwi ukutani

Najua nimepotea, ni presha za UE tu. Leo nina jambo linanikaa rohoni.

Sisi wa ualimu tumezoea kusubiri. Ajira za serikali zinatangazwa na Sekretarieti ya Ajira, nchi nzima tunaomba. Nilidhani hiyo ndiyo njia pekee. Mwaka jana nikiwa TP kwenye sekondari moja ya binafsi, karani wa pale akanifumbua macho. Tulikuwa tunakunywa chai ya saa nne tu, basi. Akaniambia: "Mwalimu, hapa hatutangazi. Mkuu akitangaza analetewa gunia la bahasha. Anauliza walimu, mnamjua mtu?"

Na nafasi zinatoka wapi? Majina ya serikalini yakitoka, walimu wa binafsi wanaondoka hata katikati ya muhula. Yaani siku unayolia jina lako halipo, kuna darasa mahali limebaki bila mwalimu.

Mark Granovetter, mwanasosholojia wa Marekani, aliliandika hili mwaka 1973. Kati ya aliowahoji waliopata kazi kupitia mtu, wengi waliambiwa na mtu wanayeonana naye mara chache, siyo rafiki wa karibu. Si ajabu: wewe na rafiki zako mnajua habari zilezile.

Wiki iliyopita karani kanitumia meseji: mwalimu wa Kiswahili na Historia kaondoka, lete barua haraka. Masomo yangu kabisa! Lakini UE imebaki wiki tatu. Usiku ule sikulala. Kuna mwenzangu wa kijijini, kamaliza miaka miwili iliyopita, ana genge la nyanya na digrii iko kabatini. Nikimwambia, nafasi imekwenda. Nisipomwambia... labda wangenisubiri?

Asubuhi nikampigia. Akaenda, akafundisha kipindi cha majaribio mbele ya mkuu, jana kaanza kazi.

Mama hajui. Kila Jumapili ananiuliza, "Kazi vipi, mwanangu?" Nimefurahi, ila roho inauma kidogo, siwadanganyi. Na ninawawaza wale wasio na karani wa kunywa naye chai. Tunasema "kujuana" kwa hasira, halafu tukisikia nafasi tunanyamaza. Mkisikia, semeni jamani. Ila mtu akikuomba hela ili akuunganishie kazi, kimbia!

Haya, narudi kwenye notsi. Tuombeane.