Paka na Kamba Katika Njia ya Kwihara

Ndugu msomaji, ukishuka garini Tabora, mji ambao reli iliufikia mwaka 1912, utapokewa na mchanga na miembe. Mchanga utausahau ukishakung'uta viatu, miembe hutaisahau. Imesimama kando ya njia kama wazee waliokaa barazani, na wenyeji husimulia kwamba iliota penye kokwa zilizotupwa na watu wa misafara. Ifuate hadi Kwihara, kilomita chache nje ya mji, nawe utakuwa unaikanyaga njia iliyotoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Kilimatinde, ikapumzika hapa Unyanyembe, kisha ikaendelea hadi Ujiji. Mwaka 2006 Tanzania iliiingiza njia hiyo katika orodha ya mahali inapopapendekeza kuwa urithi wa dunia.

Tabora imezoea kutajwa kwa mambo makubwa. Hapa ndipo Mwalimu Nyerere aliposoma sekondari, na hapa ndipo TANU ilipokutana Januari 1958 na kufanya uamuzi wa kuingia katika uchaguzi wa kura tatu. Jambo nililo nalo leo ni dogo, lina miguu minne na masharubu. Nakushauri uiendee Kwihara na paka wako. Tena paka aliyevishwa mkanda na kushikwa kamba.

Usicheke kwanza. Wewe unayeishi katika vyumba vya kupanga unajua jinsi paka wa mjini anavyokufa. Anavuka barabara mbele ya pikipiki. Anakula panya aliyekula sumu kwa jirani. Anang'atwa na mbwa wasio na mwenyewe. Ukimwachia, siku moja hatarudi, na watoto watazunguka mtaa mzima wakiita. Ukimfungia ndani ya chumba kimoja, atanenepa, ataparura godoro, na usiku kucha atalia mlangoni. Kamba ni njia ya kati: paka anapata jua, nyasi na harufu za dunia, nawe unajua aliko.

Lakini kamba yenyewe si kitu cha kushikwa ovyo katika njia hii. Usishangae mzee wa Tabora akimtazama mtoto wako anayemwongoza paka, kisha akanyamaza kwa muda. Katika njia hii hii walipita binadamu wakiwa wamefungwa minyororo, wengine shingo zao zikiwa ndani ya kongwa, ile panda ya mti iliyomlazimu mtu kwenda alikovutwa. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, lakini utumwa wenyewe haukufutwa kisheria katika Tanganyika hadi mwaka 1922. Ni kweli kwamba wengi wa waliobeba mizigo walikuwa wapagazi huru, Wanyamwezi waliokwenda pwani kwa mapatano ya ujira, kila mmoja na mzigo wa kilo thelathini hivi, kwa mwendo wa miezi mitatu au zaidi. Walijivunia kazi hiyo, na kijana ambaye hajaiona bahari alionekana bado mtoto. Basi njia moja iliwachukua walioifuata kwa hiari na waliovutwa. Mzee akikuuliza kwa nini umemfunga kiumbe, uwe na jibu.

Waislamu, ambao ni wengi katika mji huu, wanaijua hadithi ya Mtume juu ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka: alimfungia, asimpe chakula wala asimwachie ajitafutie wadudu wa ardhini. Hadithi hiyo ni kipimo kizuri. Kamba isiyoshikwa na mkono wa mtu haifai. Usimfunge paka kwenye mti ukaenda kunywa chai, hata kwa dakika tano. Atapanda tawi, ataruka upande wa pili, na kamba itamnyonga.

Wanyama walioongozwa katika njia hii wana habari zao. Stanley alipotoka Bagamoyo mwaka 1871 alikuwa na punda 27 na farasi wawili. Farasi walikufa siku za mwanzo tu, na punda wakapukutika mmoja baada ya mwingine, kwani ndorobo na maradhi havikumhurumia mnyama wa mizigo. Livingstone, aliyekaa Kwihara tangu Februari hadi Agosti mwaka 1872, alikuwa zamani na kijibwa chake, jina lake Chitane. Chitane hakuhitaji kamba. Aliuona msafara kuwa mali yake: alikimbia mbele kumtazama wa kwanza, akarudi nyuma kumbwekea wa mwisho. Alizama Januari 1867, katika nchi ambayo leo ni Zambia, msafara ulipokuwa ukivuka kinamasi na kila mtu akishughulika na mzigo wake. Livingstone alipofika Kwihara, mbwa wake alikuwa amekwisha kufa miaka mitano.

Ajabu kubwa zaidi ilitokea mwaka 1879. Mfalme Leopold wa Ubelgiji aligharimia ndovu wanne kutoka India, wakashushwa Msasani, Dar es Salaam, pamoja na walezi wao. Mkuu wa safari alikuwa mtu aliyeitwa Carter. Nia ilikuwa ndovu wabebe mizigo badala ya wapagazi, na baadaye wasaidie kuwafuga ndovu wa Afrika. Fikiri, msomaji, wanavijiji wa Ugogo walioamka asubuhi wakaona ndovu anapita na mtu shingoni, akipiga magoti kwa amri! Ndovu mmoja tu ndiye aliyefika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika. Carter mwenyewe aliuawa mwaka 1880 huko Mpimbwe, akirudi pwani. Kwa maoni yangu hapana mnyama aliyetembezwa katika njia hii kwa gharama kubwa zaidi na faida ndogo zaidi.

Sasa turudi kwa paka, ambaye hagharimu kiasi hicho.

Jambo la kwanza ni mkanda. Usimfunge kamba shingoni: ama itamwumiza koo, ama atarudi kinyumenyume na kuchomoka kama samaki. Mkanda unaofaa ni wa kifuani, wenye pete mbili, moja shingoni na nyingine nyuma ya miguu ya mbele, zikiunganishwa mgongoni, na hapo mgongoni ndipo kamba inapofungwa. Fundi viatu au fundi cherehani atakushonea kwa utepe imara ukimpelekea vipimo. Ukiisha kumvisha, vidole vyako viwili vipite chini ya mkanda. Vikipita vitatu ni mlegevu, kisipopita hata kimoja unamkaba.

Usimvishe siku ya kwanza. Uweke mkanda karibu na sahani yake ya chakula siku mbili tatu, aunuse, aulalie, auone kuwa chombo cha nyumbani. Kisha mvishe dakika chache wakati ana njaa, na mara hiyo hiyo mpe dagaa. Hapo utaona kichekesho. Wahenga walisema paka hakubali kulala chali, lakini paka aliyevishwa mkanda mara ya kwanza huanguka ubavu kama aliyepigwa risasi, au hutambaa tumbo likigusa sakafu kama kwamba dari imemshukia. Wakataze watoto kumcheka kwa kelele. Hajaumia; hajauelewa tu mguso ule wa mgongoni. Mvue akiwa ametulia, wala si wakati anapopambana, asije akajifunza kwamba kupambana ndiko kunakofungua.

Huchukua siku kadhaa, pengine majuma. Paka mchanga, wa miezi mitatu minne, hujifunza upesi kuliko aliyekomaa; na wako paka wasiokubali maisha yao yote. Ukiona wako anatetemeka kila aonapo mkanda, mwache. Apendaye kukaa dirishani akatazama miembe kwa mbali naye ana haki yake.

Akiuzoea mkanda, funga kamba nyepesi ya mita mbili, aiburute ndani ya nyumba ukimwangalia. Halafu ishike, umfuate. Zingatia neno hilo: umfuate. Mbwa huongozwa; paka husindikizwa. Ukimvuta atapanda mgongo, atazamisha kucha ardhini, na mtabaki hapo mpaka magharibi. Ukitaka aje upande wako, chuchumaa, mwite, mwonyeshe dagaa, ungoje. Mtu mwenye haraka atafute mnyama mwingine.

Usidhani mafunzo ya namna hii ni anasa ya watu wa Ulaya. Huko Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, panya buku wamefundishwa tangu mwaka 2000 kunusa mabomu yaliyotegwa ardhini. Panya huvishwa mkanda kama huu niliousimulia, akapita katika kamba iliyonyoshwa baina ya watu wawili, na akipatia hupewa kipande cha ndizi au karanga. Mafunzo huchukua kama miezi tisa. Mmoja wao, Magawa, alipelekwa Kambodia, akagundua mabomu na silaha zisizolipuka zaidi ya 100, akatunukiwa nishani ya dhahabu Uingereza mwaka 2020. Ikiwa panya ameweza, paka atasema nini?

Kabla ya kutoka, mpeleke kwa bwana mifugo achanjwe kichaa cha mbwa, maana jina la ugonjwa lisikudanganye: paka naye huupata, na mwanadamu aliyekwisha kuonyesha dalili zake aghalabu hakuna wa kumwokoa. Kisha mtoe mlangoni kwa mikono au ndani ya kikapu. Akizoea kuuvuka mwenyewe mlango, atauvuka pia siku ambayo hukushika kamba.

Basi njoni Kwihara asubuhi na mapema. Septemba na Oktoba mchanga wa Tabora huunguza nyayo kuanzia saa nne, na nyayo za paka hazina kandambili. Mtakaokutana nao watawaamkia "Mwangaluka", kisha watauliza habari za huyo mwenye kamba. Mbele ya tembe lililojengwa upya mahali alipokaa Livingstone iko miembe yenye kivuli kizito. Hapo mteremshe, umwache anuse. Katika njia hii Susi, Chuma na wenzao waliupitisha mwili wa Livingstone mwaka 1873, wakiubeba kwenda pwani, na watoto wenye umri wa kuelewa wastahili kuelezwa hayo wakiwa wamekaa chini, paka akichezea majani makavu.

Atasimama ghafla, masikio mbele, akitazama vichaka. Huenda ni mjusi. Huenda pia amenusa kimburu, paka wa porini mwenye miguu mirefu na wekundu nyuma ya masikio, ambaye angali anaishi katika misitu ya miombo. Uchunguzi wa chembe za urithi uliotangazwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba paka wote wa nyumbani duniani wametokana na jamii ya kimburu, katika nchi za Mashariki ya Kati. Na huko Kipro limefukuliwa kaburi la miaka 9,500 ambamo paka alizikwa kando ya mtu. Wako anamsikia jamaa yake. Akianza kuvimba mkia, usimvute: mfunike kwa kanga, mnyanyue, mrudishe kikapuni. Kisha rudini mjini taratibu kwa njia ya miembe, na kikapu akibebe mtoto ambaye hakupata zamu ya kushika kamba.